Picha za Kutoa Mbili

Kayenze, Mwanza
14 Januari 2024

Mwanangu Kija,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mbeya na baridi haijakushinda. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu wa kushoto unauma asubuhi, ukipata jua unaacha. Mama yako mdogo Dorotea anakusalimu, anasema ule, usisome na njaa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Nitakwambia kama ilivyo. Sauti yako kwenye simu ni ya mama yako mtupu. Ukisema "haloo Baba" nasahau nilichotaka kusema, nakuuliza habari za mvua, halafu tunaagana. Kwenye karatasi naweza kukaa na jambo mpaka liishe.

Jambo lenyewe ni picha. Mwezi wa tisa mama yako anatimiza mwaka. Padre amekubali kuja kusoma misa nyumbani na kubariki kaburi. Fundi Yakobo anasema ataacha nafasi kwenye msalaba, ukubwa wa kiganja, ya kuweka picha iliyochapwa kwenye kigae. Basi nikachukua kamera yako nikaenda nayo Mkuyuni, kwa bwana mmoja anaitwa Yahaya mwenye studio, mtu mzima kama mimi. Akazipitia picha zote za mama yako, thelathini na nane. Akavua miwani akaniuliza, "Mzee mwenzangu, huyu mama ulimpiga picha akiwa ndani ya gunia?" Nilicheka naye. Njiani sikucheka.

Ni kweli, Kija. Nyuma yake ziwa ni jeupe, mchanga mweupe, dagaa walioanikwa wanang'aa kama bati jipya, na yeye katikati ni mweusi tii. Najua ni yeye kwa anavyofunga kitenge na kwa kile kiwiko anachokitokeza akishika kiuno. Uso haupo. Picha nyingine niliyonayo ni ya kitambulisho, na ile aliichukia, alisema anaonekana kama mtu aliyeitwa polisi. Siwezi kumwekea hiyo milele.

Wewe ndiye uliyeninunulia kamera nilipostaafu kiwandani, ili nipate cha kushika mkononi. Unaijua kuliko mimi. Nakuuliza: giza likishaingia kwenye picha, linatoka?

Ni mimi baba yako,
Alexander


Mbeya
2 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata kituo cha mabasi, nikaisomea palepale juu ya begi langu. Mimi ni mzima. Baridi ipo lakini nina lile sweta la Mama. Huo mguu usiufiche, nenda ukapimwe. Mwambie Mama mdogo nakula, na chakula cha chuo hakina ladha ya kitu chochote.

Giza linatoka, Baba, ila si lote. Kwanza uelewe lilivyoingia. Kamera haijui kwamba kilicho muhimu ni uso. Inaona ziwa linameremeta, inaona dagaa wanameremeta, inafikiri mwanga umezidi, basi inajibana. Mtu aliyesimama mbele anabaki kivulini. Siku nyingine msogelee mtu, au mgeuze jua limpige usoni. Na kuna kitufe chenye alama ya jumlisha na kutoa. Mahali peupe kama mwaloni, pale ufukweni wanapoanika dagaa, inabidi uongeze, uweke jumlisha moja. Kiangalie sasa hivi uniambie kimesimama kwenye namba gani.

Kwa zile za zamani, mwombe huyo Bwana Yahaya kompyuta. Kabla ya yote nakili picha, ile ya kwanza usiiguse. Halafu kwenye programu yake kuna sehemu ya vivuli. Ivute polepole, kama unavyopandisha utambi wa taa. Utaanza kuona nguo, halafu mikono, halafu uso. Ukiona chengachenga zimejaa kama mchanga, umezidisha, rudi nyuma kidogo. Usiwe na haraka. Ulikaa na mashine za nyuzi miaka ishirini na sita, hii haiwezi kukushinda.

Na mimi nina ombi. Ukimaliza nitumie kadi yenyewe ya kamera, na picha zote. Baba, mimi sina sura ya Mama ya mwaka ule. Nilifika mmeshamzika. Najua Padre alikuwa na safari na isingewezekana kungoja, sikulaumu. Lakini nikifumba macho namwona wa Desemba ya nyuma yake, ananifungia karanga kwenye gazeti. Hapo katikati hakuna kitu. Nataka kumwona alivyokuwa mwisho.

Binti yako,
Kija


Kayenze
3 Machi 2024

Mwanangu Kija,

Marahaba. Mguu nimepimwa, wamesema ni uzee. Nilimwambia daktari hilo nilikuwa nalijua, akacheka. Mvua zimeanza, dagaa hawakauki, Dorotea anagombana na mawingu kutwa.

Kile kitufe nimekiangalia. Kimesimama kwenye kutoa mbili. Sikukiweka mimi. Unakumbuka macho yangu na maandishi madogo. Kile kitabu cha kamera mama yako ndiye aliyenisomea, jioni mbili baada ya Pasaka, tukiwa tunachambua maharage. Akafika hapo kwenye kitufe akaniwekea mwenyewe. Akasema, "Mume wangu, jua la mwaloni kali, picha itaungua. Iache hapa hapa usiiguse." Mimi niliona ni sawa. Yeye ndiye anayejua jua linavyofanya kitu, kaanika dagaa tangu akiwa msichana. Kumbe alikosea, maskini. Tulikuwa wanafunzi wawili, aliyesoma kidogo anamfundisha asiyeona.

Nimeirudisha kwenye sifuri, na mwaloni naongeza moja kama ulivyosema. Nimempiga picha Dorotea akiwa ananiambia niache upuuzi. Meno yote yanaonekana, hata pengo. Amesema niifute. Nimempiga mbuzi wa jirani, na mtumbwi uliopigwa rangi ya kijani. Jana nilipiga ukuta wa jikoni kwa sababu mwanga ulikuwa umeupata vizuri, basi.

Kwa Yahaya nimekwenda mara tatu. Ananiachia kompyuta mchana wakati hana wateja. Siku ya kwanza nilinakili picha ya tarehe kumi na moja Juni, mama yako amekaa nyuma ya beseni. Nikavuta vivuli polepole. Kikatokea kitenge kile cha mapera. Nilikuwa nimekisahau kitenge kile, Kija. Halafu mikono. Halafu akatokea mwenyewe, anacheka kidogo, kama ananiambia nimechelewa. Yahaya alitoka nje akaniacha.

Nimemwambia akutumie hiyo moja kwenye simu yako, uone nimejitahidi. Nyingine bado nazifanyia kazi. Kadi nitaituma baadaye, kwanza nimalize. Hakuna haraka.

Ni mimi baba yako,
Alexander


Mbeya
11 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Picha nimeiona. Nimekaa nayo siku tatu kabla ya kuandika ili nisiandike vibaya.

Ulichagua hiyo kwa sababu beseni linafunika tumbo. Sijui kama ulifikiria hivyo, lakini nadhani ulifikiria. Beseni halifuniki mikono. Halifuniki mifupa ya shingo, wala mashavu. Baba, hii ni kazi ninayosomea. Mwalimu anatuonyesha mtu kitandani na kutuuliza, tangu lini? Nami najibu, na mara nyingi najibu sawasawa. Huyu mama kwenye picha hajaanza kuumwa wiki iliyopita. Huyu ana miezi.

Mliniambia malaria. Mliniambia aliugua siku nne mwishoni mwa Agosti, ikampanda kichwani, basi.

Picha ni ya Juni.

Nilimpigia kila Jumapili. Kila Jumapili aliniambia hajambo, amechoka tu na kazi ya mwaloni. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake, nilikuwa nakusikia ukikohoa.

Niandikie ilivyokuwa. Na nitumie kadi.

Kija


Kayenze
20 Machi 2024

Mwanangu Kija,

Sikuulizi hali, najua ulivyo. Kadi iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kipande cha leso. Zipo zote, sijafuta hata moja.

Nitaandika kama ilivyokuwa, wala sitajitetea.

Tumbo lilianza kujaa baada ya Pasaka. Tulidhani ni vidonda. Hospitali wakasema ni kichocho cha siku nyingi, kimekaa mwilini tangu utoto wake akisimama majini kuosha dagaa, kimeharibu ini. Walimtoa maji mara mbili. Mara ya pili daktari aliniita pembeni, na mama yako akasema, "Sema na mimi, tumbo ni langu." Akaambiwa. Tulirudi nyumbani, tukanunua mkate njiani kama watu wa kawaida.

Tulipofika akaniwekea sharti. Akasema Kija asijue. Nikamwambia atajua, ni mtu wa uganga. Akasema, "Ndiyo maana." Akanikumbusha bibi yako alipovunjika nyonga, ulivyoacha chuo kile cha kwanza ukaja kumwogesha, na nafasi yako akapewa mwingine, ukakaa nyumbani miaka miwili ukianika dagaa naye. Alisema miaka ile miwili alikuwa akikutazama umeinama mchangani na anaumia kuliko anavyoumia sasa. Alisema mtoto akiacha chuo mara ya pili hataingia mara ya tatu. Nilikubali. Sikukubali kwa sababu aliniweza, nilikubali kwa sababu niliona ana haki.

Kwenye simu alikuwa anakaa wima kwanza, anakunywa maji ya moto, ndipo anangoja upige. Ukikata analala saa zima.

Kuna jingine na hili ndilo zito. Padre hakuwa na safari. Mama yako alisema azikwe kabla hujafika. Alisema ukiuona mwili wake utajua yote palepale, utajilaumu maisha. Dorotea alikataa, alilia, akasema mtoto hazuiwi kumuaga mama yake. Mimi ndiye niliyesema tuzike. Wewe ulikuwa umefika Shinyanga. Nilikuwa nimeshika simu, kondakta wenu ameniambia mpo Shinyanga, na nikamwambia Yakobo waendelee kufukia.

Nilipoona picha zake za mwaka ule zote ni giza nilishukuru, nikasema ni bahati, Kija hataona kitu. Halafu wewe ukanifundisha kulitoa hilo giza, nami nikalitoa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa mkono wangu.

Sikuombi uniambie kitu. Nijue tu kama kadi imefika.

Baba yako


Kayenze
5 Mei 2024

Mwanangu Kija,

Uko salama? Huku tupo. Kifurushi wa ofisi ya basi aliniambia kimechukuliwa na kimesainiwa, basi najua kadi unayo.

Mvua zimekatika. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamezaa kuliko mwaka jana, sina wa kula nao, Dorotea amebeba nusu. Nimenunua kadi nyingine ndogo. Naamka, naenda mwaloni, napiga watu. Wananijua sasa, wananiita Mzee wa Jumlisha Moja kwa sababu nawaeleza wote habari ya kile kitufe, hata wasiouliza. Mama mmoja alinitania, "Alexander, tungekuwa na mwanaume anayetutazama hivyo majumbani mwetu tungekuwa tumenenepa."

Jumapili saa kumi bado nakaa pale kwenye benchi tulipokuwa tukingoja simu yako. Ni mazoea tu.

Baba yako


Kayenze
23 Juni 2024

Kija,

Salamu nyingi. Yakobo ameuliza habari ya picha ya msalaba. Nimemwambia bado. Ameniuliza, "Bado mpaka lini?" Nimemwambia mwenye picha yuko Mbeya.

Usipotaka kuandika, andika tu kwenye karatasi ni ipi, namba yake. Mimi nitaichapisha.

Baba yako


Mbeya
28 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mitihani ya mwisho nilimaliza wiki iliyopita, nadhani nimefaulu. Nilitaka kwanza imalizike ndipo nikujibu, kwa sababu kama ningekujibu Machi ningeacha chuo. Nilikuwa nimeshafunga begi. Winnie, tunayekaa naye chumba kimoja, alikaa juu ya hilo begi mpaka nikachoka kumsukuma. Kwa hiyo Mama alikuwa sahihi kuhusu mimi, na hilo linaniuma pia.

Bado nina hasira na wewe. Habari ya Shinyanga siwezi kuipita. Nikiwa kwenye basi lile nilikuwa nahesabu vituo. Nimeandika haya ili ujue yapo, lakini sitaki yakae peke yake kwenye karatasi.

Nimezifanyia kazi picha zote thelathini na nane, moja kila jioni, na nyingine jioni mbili. Nilimwona anavyopungua. Aprili, Mei, Juni, Julai. Nimemuaga hivyo. Ilikuwa mbaya na nisingekubali mtu aniondolee.

Ya msalaba ni ile ile ya Juni kumi na moja, ya beseni. Nimekata beseni. Wewe uliinua mwanga mpaka mwisho, ndiyo maana nikaona mifupa. Mimi nimeinua mpaka pale anapoonekana amechoka, nikaacha hapo, sikufika pale anapoonekana anaumwa. Nimeichapisha, imo kwenye bahasha. Mpe Yakobo.

Sasa kuna kitu hukijui. Kila picha inabeba nyuma yake maandishi ambayo kamera inayaandika yenyewe: siku, saa, na namba ya kile kitufe. Picha zote za Mama zimeandikwa kutoa mbili. Lakini kwenye kadi kuna picha tatu ambazo hukuwahi kunitajia, zimo kwenye folda nyingine, na nadhani hujawahi kuzifungua. Moja ya Mei, mbili za Agosti. Zimeandikwa jumlisha moja.

Baba, nilikitafuta kile kitabu cha kamera kwenye mtandao. Ukurasa aliokusomea Mama unasema kabisa: mahali peupe, ongeza. Hakukosea. Alisoma vizuri kuliko sisi wote. Alikuwekea kutoa mbili ili mimi nisimwone. Na wewe usipomtazama alikuwa anakipandisha, anapiga, halafu anakirudisha.

Picha hizo tatu ni zako. Nimezichapisha kama zilivyo, sikugusa kitu, hazihitaji.

Kwenye misa sitakuja. Nimepangiwa mafunzo ya kazi hapa hapa kuanzia Agosti, na hata nisingepangiwa, nisingekuja mwaka huu. Jumapili saa kumi nitakupigia. Ukishindwa kuongea, nipe habari za mvua.

Binti yako,
Kija


Kayenze
8 Septemba 2024

Mwanangu Kija,

Marahaba sana, na asante kwa simu za Jumapili. Najua zile nne zote nimekwambia habari za mvua. Natumaini kazi haijakulemea na wagonjwa wako wanakupa heshima. Hongera ya kufaulu nilikupa kwenye simu lakini sauti ilikata, kwa hiyo nakupa tena hapa.

Misa imekwisha salama. Padre alisoma vizuri na hakurefusha. Watu walijaa, walikula, wakabeba. Yakobo alikuwa amekiweka kigae siku moja kabla na kukifunika kwa kitambaa, Dorotea ndiye aliyekifunua. Alikaa anakiangalia muda, halafu akasema, "Hapo ndipo anaponidai beseni lake." Watu wakacheka, naye akalia. Uso ni ule ule. Amechoka kidogo, kama mtu aliyemaliza kuanua.

Kiti chako tulikiweka karibu na Dorotea, hakuna aliyekikalia. Sisemi ili uone vibaya. Nakwambia tu kilikuwepo.

Picha zangu tatu sikuzifungua mpaka watu walipoondoka. Ya kwanza nimelala kwenye mkeka mdomo wazi, mchana, na kiatu kimoja. Ya pili nachambua maharage, nimeinama, utosi wote unang'aa. Sikujua kama nimepata kipara kiasi kile. Kila kitu kinaonekana, Kija, mpaka kifungo kilichokatika kwenye shati, mpaka nzi.

Ya tatu navuka uwanja na ndoo ya maji yake ya kuoga. Hiyo siku naikumbuka, ilikuwa Agosti katikati. Nilisikia mlio wa kamera nikageuka. Alikuwa amekaa mlangoni na kanga begani, ameishika kwa mikono miwili kwa sababu mmoja ulikuwa hauna nguvu. Nikamwuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Najaribu kama ina betri."

Nikamwambia aizime, anaimaliza. Akaizima.

Ni mimi baba yako,
Alexander